Kovu Kichwani Si Suala la Urembo

Mwanamke anayepoteza nywele za utosini tunamhesabu kuwa amejitakia: alisuka mno, akatia dawa mno. Hukumu hiyo ni kongwe. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuita ugonjwa huu unaoacha kovu kwa jina la chanuo la moto. Mwaka 2019 utafiti ukaonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni ya PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Misuko ya kubana huenda ikazidisha madhara, sikatai; lakini mzigo wote hatuwezi kumtwika msusi na mteja wake.

Ubaya wa lawama ni kwamba inakula muda. Mzizi wa nywele ukishageuka kovu, hauoti tena. Steroidi za kupaka au za sindano kichwani, pamoja na vidonge vya doksisaiklini, hulinda kilichobaki tu. Na doksisaiklini si dawa ya matajiri, imejaa madukani. Kinachokosekana ni mtaalamu wa kuchunguza utosi na kukata kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Badala yake mgonjwa huandikiwa dawa ya fangasi, au huuziwa mafuta ya mnyonyo, na miaka inakwenda.

Hapa Tanzania, Moshi imefundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990. Wangapi wamo katika hospitali zetu za mikoa? Ninyi mnaoandaa bajeti na miongozo ya bima, mkikuta neno “nywele” msikimbilie kuandika “urembo”. Mwulizeni kwanza mgonjwa utosi ulianza kumwasha lini.