Cheti Wanacho, Leseni Je?

Mwezi huu nakusimulia ya nyumbani kwangu mwenyewe. Nimemwomba ruhusa Baba Neema, akasema andika tu, ila usiniumbue sana. Nitajitahidi.

Ilikuwa Ijumaa usiku. Mwenzangu karudi kazini na uso wa mtu mwenye siri nzuri. Hata viatu hajavua, kanionyesha simu: kuna kampuni inafanya biashara ya fedha za kigeni, makao makuu London, tawi liko hapa hapa Dar. Unaweka pesa, kila mwezi unapata asilimia 20. Wenzake watatu ofisini wameshaingia, na mmoja ameshalipwa mara mbili.

"Mke wangu, zile milioni sita za kiwanja zimelala tu benki. Tuziweke miezi minne, tunamaliza kiwanja na tofali tunafyatua."

Jamani, milioni sita zile! Miaka mitatu ya kujinyima. Mimi saluni niliacha, nikawa nasukwa na jirani kibarazani. Nikamuuliza, kampuni yenyewe unaijua? Akanirushia picha ya cheti cha BRELA na namba ya mlipa kodi. "Imesajiliwa, sasa unataka nini tena?"

Hapo ndipo wengi tunapoliwa. Cheti cha BRELA ni cha usajili tu. Cheti kile kinasema kampuni ipo, kama cheti chako cha kuzaliwa kinavyosema ulizaliwa. Hakisemi kwamba unaruhusiwa kuendesha basi la abiria. Anayepokea amana za watu anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Anayekusanya pesa za watu ili awawekezee kwenye masoko ya mitaji, aende kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Wote wawili wanaweka majina ya waliowapa leseni kwenye tovuti zao, na kuangalia ni bure.

Basi, baba kalala, mimi nikabaki sebuleni na laptopu. Nikaanza na BRELA, maana tangu 2018 mambo yao yapo mtandaoni. Kampuni ipo kweli, na namba inalingana na cheti. Tarehe ya kusajiliwa sasa: miezi minne nyuma! Na kwenye kipeperushi wameandika "tunahudumia Afrika Mashariki tangu 2015". Benki Kuu hawamo. CMSA hawamo.

Nikahamia London. Waingereza wana daftari lao la makampuni, Companies House, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bila kulipa. Humo nako kampuni ipo, ila hesabu zake zinaonyesha haijafanya biashara yoyote. Usishangae. Mpaka mapema 2024 ulikuwa unasajili kampuni kule kwa pauni 12 tu, na kuwahakiki wakurugenzi kama ni watu wa kweli kumekuwa lazima Novemba 2025. Cheti cha Ulaya kinatutisha bure.

Halafu tovuti yao. Ukiandika "whois" kwenye Google utapata kurasa zinazokuonyesha jina la tovuti lilisajiliwa lini. Hii ilikuwa na wiki kumi. Mwisho nikachukua picha ya mkurugenzi mkuu, yule mzungu wa tai nyekundu, nikaitafuta kwa picha badala ya maneno. Nikamkuta kwenye tangazo la daktari wa meno, na kwingine anauza bima. Nilicheka peke yangu saa nane usiku.

Asubuhi sikucheka. Nilingoja anywe chai kwanza, nikamwekea laptopu mezani. Akasoma kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo umekesha unanichunguza?"

"Nimeichunguza kampuni."

"Ni kitu kile kile. Ungekuwa unaniamini ungelala."

Tukanyamaza. Neema anatuangalia tu na kijiko chake mkononi. Halafu baba akasema, bila kuniangalia, kwamba ameshaweka milioni moja na nusu, tangu wiki mbili nyuma. Kumbe Ijumaa hakuja kuomba ushauri, alikuja kuongeza dau. Na mdogo wake kamuingiza pia, kaweka laki saba za kununulia bodaboda.

Nisikufiche msomaji, pesa iliniuma, lakini zile wiki mbili ziliniuma zaidi. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja na mtu ana siri ya milioni moja na nusu.

Siku hiyo hiyo akajaribu kuitoa. Kwenye akaunti yake inasomeka milioni moja na laki nane, inameremeta kabisa. Akibonyeza kutoa, wanamjibu alipe kwanza "kodi" ya asilimia 10, kwa namba ya simu ya mtu. Kodi ya serikali unaijua, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, hutumi kwenye simu ya mtu. Hatukulipa. Tukaenda polisi tukachukua RB. Wiki ya tatu tovuti ikawa haifunguki.

Na yule mwenzake aliyelipwa mara mbili? Alilipwa kweli, kwa pesa za kina Baba Neema. Waliokuwa na akili zao 2009 wanaikumbuka DECI, watu wanapanda mbegu na kuvuna mpaka serikali ilipouzuia upatu ule na wakubwa wake kufikishwa mahakamani. Wa mwanzo walivuna, na ndio waliokuwa mashahidi wazuri kuliko tangazo lolote.

Shemeji mpaka leo hapokei simu yangu. Kwake yeye, mimi ndiye niliyeleta nuksi; eti ningekaa kimya, pesa ingetoka.

Milioni nne na nusu zimebaki. Wiki iliyopita mwenye kiwanja katuletea nakala ya hati ili tulipie awamu ya mwisho. Baba Neema kaichukua, kaikunja, kaiweka kwenye begi lake la kazini. Jumatatu kaomba ruhusa ofisini. Tunakwenda wote ofisi ya ardhi kufanya upekuzi.