Apdeti Mbovu Ina Mwenyewe, Tusiisingizie Kadari



Ndugu wazazi na wanafunzi, kuna kauli imezoeleka mno katika nyumba zetu hapa Kigali, Biryogo na Nyamirambo yote. Kompyuta imeingiza apdeti usiku, asubuhi imekataa kuwaka, na mwenye nyumba anasema: "Ndivyo ilivyoandikwa, tufanyeje?" Mwanafunzi wa chuo kikuu kapoteza kazi ya miezi, mama kapoteza picha za marehemu wake, madrasa imepoteza orodha ya watoto, na wote wanaambiwa wasubiri. Sisi tunasema hiyo siyo subira, bali ni uzembe uliovishwa kanzu.

Kadari tunaiamini. Lakini aliyefundishwa kutawakali alifundishwa pia kumfunga ngamia kwanza. Programu huandikwa na watu, hupimwa na watu na hutumwa na watu. Ikiharibu, ipo mikono iliyoharibu.

Tutazame mfano mkubwa. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 12 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Kigali, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, inayouza ulinzi wa kompyuta kwa makampuni, ilituma apdeti ndogo kwa wateja wake. Ilikuwa na kasoro. Baada ya dakika 78 waliiondoa, lakini kompyuta zilizokwisha kuipokea zilikuwa zimeanguka, zinajizima na kujiwasha bila kufunguka. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilikwama Marekani na Ulaya, na madaktari wengi wa mitaani Uingereza walishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa.

Kasoro yenyewe ilikuwa nini? Sheria mpya iliyotumwa iliitaka programu isome kipengele cha 21, na programu ilikuwa imepewa vipengele 20 tu. Ni kama kumwamuru mtoto wa madrasa afungue juzuu ya 31. Mtoto atakuambia, "Ustadhi, haipo." Kompyuta haina adabu hiyo; ilikwenda kusoma pasipo na kitu, ikaanguka. Chombo cha ukaguzi kiliipitisha apdeti hiyo kwa kuwa nacho kilikuwa na dosari, wala haikupelekwa kwanza kwa wateja wachache ili ionekane itakavyofanya kazi. Ilirushwa kwa wote kwa mkupuo.

Je, hiyo ni kadari au ni kutojali? Mafakihi wametufundisha kwamba asiyejulikana kwa utabibu, akatibu na akadhuru, atadhamini. Lakini hawa wakubwa wa programu hukutaka ukubali kurasa nyingi za masharti zinazowapunguzia dhamana kabla hata hujaanza kutumia. Baada ya balaa ile, CrowdStrike iliwatumia washirika wake waliohangaika kuwasaidia wateja kuponi ya chakula ya dola 10! Shirika la ndege la Delta, lililofuta safari zipatazo 7,000, lilikwenda mahakamani Oktoba 2024. Sisi wa Nyamirambo tutakwenda mahakama gani?

Wapo watakaosema hayo ni ya makampuni. Basi wakumbuke Oktoba 2018. Microsoft ilitoa apdeti kubwa ya Windows 10, na baadhi ya watu wa kawaida majumbani wakakuta mafaili yao yamefutika, nyaraka na picha. Siku chache baadaye ikasimamishwa, ikarudi Novemba ikiwa imerekebishwa. Watumiaji waliokuwa wakiijaribu walikuwa wameripoti tatizo hilo kabla haijatolewa, lakini ripoti zao hazikufanyiwa kazi. Onyo lilikuwepo, masikio hayakuwepo.

Sasa tugeukie kosa la pili, ambalo ni letu wenyewe huku mitaani. Wapo mafundi wanaowaambia wateja: "Dawa ni kuzima apdeti kabisa." Wengine huzizima kwa sababu Windows waliyoiweka ni ya wizi. Ushauri huo ni sumu. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu fulani. Waliopuuza walikutwa na Ijumaa ya tarehe 12 Mei mwaka huohuo, pale kirusi cha WannaCry kilipopita katika tundu lilelile, kikayafunga mafaili na kudai fedha katika nchi zaidi ya 150. Aliyekula chakula kibovu mara moja hafungi kinywa maisha yake yote, hujifunza kukagua.

Basi nini kifanyike apdeti inapoharibu?

Kwanza, usikubali fundi "apige Windows" upya kabla ya kuokoa mafaili. Mara nyingi mafaili yako yapo salama hata kama Windows haifunguki. Mwambie atoe diski ayanakili kwanza.

Pili, ukiona mafaili yamefutika, acha kuitumia kompyuta hiyo mara moja. Kila unachoandika juu yake kinaweza kufunika kile unachotaka kukirudisha.

Tatu, piga picha maandishi yanayotokea kwenye skrini na uandike tarehe. Fundi mwema huanzia hapo.

Nne, Windows ikifunguka, ingia katika historia ya apdeti uiondoe ile ya mwisho. Isipofunguka, baada ya kushindwa mara kadhaa mara nyingi huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, na hapo unaweza kuondoa apdeti au kuiwasha kwa hali ya usalama, yenye vitu vya lazima tu. Kwa njia hiyo ya hali ya usalama ndivyo kompyuta nyingi za 2024 zilivyotengenezwa, kwa kufuta faili moja bovu.

Tano, kompyuta nyingi mpya hufungwa kwa BitLocker, na ufunguo wake wa kuokolea ni tarakimu 48. Uandike leo kwenye karatasi, uweke pamoja na hati za nyumba. Siku ya msiba hutauona.

Sita, na hili ni kubwa kuliko yote: weka nakala. Flashi moja ya mwanafunzi, diski moja ya familia, ikae mbali na kompyuta. Na kwenye simu ni vivyo hivyo. Usiifute yote kabla ya kujua picha zipo wapi pengine.

Kwa walimu wenzetu na wenye ofisi: apdeti ikija, iingizeni katika kompyuta moja kwanza, msubiri siku mbili tatu, kisha nyingine zifuate. Jambo hili dogo ndilo lililokosekana kwa kampuni ya mabilioni.

Kazi ya mwanafunzi, picha za wazee na majina ya watoto ni amana. Anayetuma apdeti bila kupima ameivunja, na anayekaa bila nakala kisha akasema "imeandikwa" naye ataulizwa. Tumfunge ngamia, kisha tutawakali.

Wabillahi tawfiq.