Mfupa Uliovunjika Hautambuliwi kwa Macho

Katika sehemu zetu za Kitale na Bungoma mifupa huvunjika kwa njia tunazozijua sote: mtoto ameanguka kutoka juu ya mpera, mzee ameteleza na gunia la mahindi mabegani, abiria wa boda boda ametupwa barabarani. Yanayotendwa baadaye ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu juma hili, maana huenda yakamlemaza mtu kuliko ajali yenyewe.

Husikia watu wakisema, "Hakuvunjika huyo, mbona vidole vyacheza?" Sivyo. Vidole huvutwa na kano, na kano zaweza kuvuta hata mfupa wa mkono ukiwa na ufa. Tena mfupa wa mtoto, kwa kuwa ni laini, huenda ukapinda na kupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi ukikikunja.

Kwa sababu hiyo daktari hutaka picha ya eksirei. Miali hiyo iligunduliwa mwezi wa Novemba 1895 na Bwana Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa na pete vikaonekana dhahiri. Miali hupenya nyama kwa urahisi, lakini chokaa iliyomo mfupani huizuia. Basi mfupa hutokea mweupe, na ufa mara nyingi hutokea kama mstari mweusi. Picha hupigwa mbili, ya mbele na ya ubavuni, kwani mfupa uliohama waweza kuonekana umenyooka ukitazamwa upande mmoja. Usimnung'unikie mpiga picha, hakuibii.

Wengine huogopa miali. Ile itumikayo kwa mkono ni kidogo mno, haifikii ile tuipatayo siku moja kutoka ardhini na angani. Mama mwenye mimba na aseme mapema.

Lakini picha nayo haioni yote. Kuna kimfupa katika kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambacho kikipasuka huenda kisionekane siku ya kwanza. Daktari hufunga mkono na kuagiza picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Aliyeambiwa arudi na arudi, hata kama maumivu yamepoa, maana kimfupa hicho hupata damu kwa shida na sehemu yake yaweza kufa.

Sasa lile kubwa. Vijijini wako wazee wanaounga mifupa, wala siwadharau. Wengine wana mikono mizuri. Lakini banzi zikikazwa kwa kamba juu ya mkono unaovimba, damu haipiti, na baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa. Mkono ambao ungalipona kwa majuma machache huishia kukatwa. Ukiona vidole vimekuwa baridi, vina ganzi, au mgonjwa analia vikinyoshwa, legeza kamba mara hiyo, usimngoje mzee wala usingoje kuche. Mpeleke hospitali ya Kitale au ya Bungoma, iliyo karibu. Aliyefungwa plasta hospitalini akiona dalili hizo, naye na arudishwe upesi.

Njiani mkono ulazwe juu ya ubao uliofunikwa nguo, ufungwe pasipo kukazwa, wala asiuvute mtu. Pete na bangili zivuliwe kabla haujavimba.