Mnara wa Bagamoyo

Msomaji mpenzi, siku utakayofika Bagamoyo, usiishie sokoni kwenye samaki. Fuata njia ya miembe mpaka misioni, ukautazame mnara wa kanisa la kwanza la Mapadre wa Roho Mtakatifu. Walifika hapo mwaka 1868, wakawakusanya watu waliokombolewa utumwani, na kanisa lao lilijengwa mwaka 1872.

Watu huuita Mnara wa Livingstone. Ukisikia hivyo utadhani Dakta Livingstone ndiye aliyeujenga. Hata! Wala hakuwa Mkatoliki. Aliletwa hapo maiti, tarehe 24 Februari 1874, akalazwa usiku ule. Mimi ningeuita mnara wa Susi na Chuma, lakini sikuulizwa.

Sikiliza basi. Dakta alifariki mwanzo wa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa gome la mti na kitambaa cha tanga. Kisha wakautwika mabegani, wakashika njia ya pwani kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500.

Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Mwingereza Cameron. Akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenye nchi nao hawakutaka maiti ipite kwao. Unajua walifanyaje? Walifunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wachache wakarudi nayo Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Maiti yenyewe wakaikunja ndani ya robota la nguo, ikapita kama mzigo wowote wa biashara!

Na malipo yao? Walipofika pwani, wakuu wa Kiingereza waliipokea maiti, wapagazi wakapewa mshahara wao, wakaambiwa waende zao. Dakta alizikwa London, katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili 1874. Katika wale waliombeba kutoka Chitambo, alikuwapo mmoja tu, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa. Wakaketi na Mchungaji Horace Waller, wakimweleza njia na majina ya mahali, hata akatengeneza kitabu cha safari za mwisho za bwana wao.