Benchi, Kivuli na Choo

Makomredi, najua mada hii si tamu, tena wiki ya mitihani. Hebu nivumilieni dakika tano tu.

Mwaka jana tulimsindikiza mjomba wangu kwenye tanuru la umma la kuchomea maiti. Mji gani, si hoja. Mjomba alikuwa mwalimu wa hisabati, na aliacha ameandika kwenye daftari: nikifa nichomeni, shamba lenyewe robo ekari, waachieni watoto. Ukoo uligawanyika. Nyanya alilia wiki nzima, kisha akakubali shingo upande. "Ni neno la mtoto wangu," akasema.

Tulifika saa nne asubuhi. Pa kukaa hakuna. Nyanya, na miaka yake themanini na kitu, aliketi juu ya kreti ya soda tuliyoomba dukani ng'ambo ya barabara. Choo kilikuwa na kufuli. Mvua ikaanza, tukalifunika jeneza kwa turubai. Ati mafuta hayajafika, subirini. Tukasubiri hadi saa tisa. Mama mkubwa, ambaye alipinga jambo hili tangu mwanzo, akasema kila mtu asikie: "Si niliwaambia? Heshima ni kuzika."

Siku hiyo sikuwa na jibu. Leo ninalo. Kilichomvunjia mjomba heshima si moto. Ni kukosa benchi, kivuli na choo. Mahali pakiwa duni, uamuzi wa marehemu nao huonekana duni, na wanaoupinga hushinda bila kutoa hoja hata moja.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wahindu na matajiri. Kwani Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana alikuwa Mhindu? Alichomwa 2005. Profesa Wangari Maathai alichomwa Kariokor 2011, ndani ya jeneza la magugu-maji, mafunjo na mianzi, maana hakutaka jeneza la mbao. Kenneth Matiba akafuata 2018. Lakini hao walikuwa watu wenye majina makubwa. Mwalimu wa kijijini hana ila tanuru la umma.

Na tusidanganyane kwamba tunaomba hisani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inataja makaburi, mochari na matanuru ya kuchomea maiti kuwa kazi ya serikali za kaunti, ndani ya huduma za afya. Ni kazi yao kama ilivyo zahanati.

Siombi marumaru. Naomba banda la mabati lenye mabenchi. Choo safi na maji. Bei ibandikwe ukutani, ijulikane na wote. Familia ikipewa saa, mafuta yawe yamefika kabla yake. Na pawe na chumba kidogo cha kupokelea majivu. Sisi tulikabidhiwa mjomba getini, ndani ya ndoo iliyowahi kuwa ya rangi.

Hapa ndipo mnapoingia nyinyi. Kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili kuisha, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Wa usanifu majengo, chora banda. Wa uhandisi, pigeni hesabu ya mafuta. Wa sheria, andikeni memoranda. Chama chetu kiipeleke. Tumewahi kuandamana kwa sababu ya chapati za mesi. Hili nalo halitushindi.

Nyanya bado huniuliza kama mwanawe alisumbuka siku ile. Humwambia hapana, Nyanya, yeye alikuwa amepumzika. Tuliosumbuka ni sisi.