Rafiki mwenye wasiwasi, na sisi tunaomziba mdomo

Nimepotea hapa kijiweni kama wiki tatu hivi. Sijadisko, msinizushie, ni testi zimefululizana halafu bumu nalo halijaingia, mnaelewa wenyewe. Leo nina la kusema na ni la kompyuta. Wale wa sheria na ualimu msikimbie, nitajitahidi kuongea lugha ya watu, na mkivumilia mpaka katikati mtaona linawagusa na nyie.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka wa tatu tumepewa asaimenti ya kuandika programu fupi kwa Python, inayoingia yenyewe kwenye seva ya mbali, inatoa amri, inasoma majibu na kuandika ripoti. Yaani badala ya mtu kukaa kwenye terminali akichapa amri ile ile kwenye mashine kumi, programu inamfanyia yeye anakunywa chai. Kazi nzuri, tena ndiyo inayofanywa maofisini. Na ili usihangaike kuandika itifaki nzima mwenyewe, unachukua maktaba, yaani msimbo ambao wengine wameshauandika na kuujaribu. (Siyo ile maktaba tunayokwenda kulala wakati wa UE.)

Kizaazaa kilianza siku ya kwanza. Mfano tuliopewa darasani ulikuwa wa telnetlib, maktaba ya Telnet iliyokuwa inakuja ndani ya Python yenyewe. Nusu ya darasa wana laptopu zenye Python mpya, wakiendesha wanaambiwa hakuna kitu kinachoitwa hivyo. Ni kweli hakuna. Waliitangaza kuwa njiani kutoka tangu toleo la 3.11 mwaka 2022, na toleo la 3.13 la Oktoba 2024 likaja bila hiyo. Waandishi wa Python waliamua kupunguza mizigo isiyokuwa na mtu wa kuitunza, na hiyo ikawa mmojawapo. Basi kwenye grupu la WhatsApp ushauri ukawa mmoja tu: shusheni Python ya zamani, maisha yaendelee.

Mimi sikubaliani na ushauri huo, na ndiyo maana naandika.

Telnet ni ya wazee wetu. Ilianza kuzungumzwa 1969, mtandao wa ARPANET ukiwa ndio kwanza unaunganishwa kule Marekani, na maelezo yake rasmi, RFC 854, ni ya Mei 1983. Kwa ndani ni rahisi mpaka raha. Unafungua njia kwenda poti 23, unachapa herufi, seva inakurudishia herufi. Ikipita baiti yenye thamani 255 maana yake ni "sasa tunaongea ya itifaki, siyo ya mtumiaji", halafu pande mbili zinapatana: 251 nitafanya, 252 sitafanya, 253 fanya, 254 usifanye. Utadhani watu wawili wa chumba kimoja hosteli wanapangiana zamu ya kufagia. Kwa kujifunzia mtandao unavyoongea naipenda sana, na nashauri kila mtu aiguse mara moja.

Ila haifichi kitu. Jina lako na neno lako la siri vinapita peupe, herufi kwa herufi. Aliyekaa kwenye njia na Wireshark anasoma kama anavyosoma gazeti. Na msidhani ni nadharia za vitabuni. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka intaneti kikigonga mlango wa Telnet kwenye kamera na ruta za majumbani, kikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kama sitini hivi, basi, na kilipata jeshi kubwa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la namna hiyo lilielekezwa kwa kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa masaa katika sehemu kubwa ya Marekani. Mmoja wa vijana watatu waliokiri mahakamani 2017 kwamba walikitengeneza alikuwa amesoma kompyuta chuo kikuu cha Rutgers. Mwanafunzi kama sisi tu.

Sasa, dawa ya Telnet nayo ilitokea chuoni. Mwaka 1995 kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, mtu alitega kinasa cha maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo. Mtafiti mmoja wa pale, Tatu Ylönen (ndiyo, anaitwa Tatu, na siyo dada wa Tanga, ni mwanaume wa Kifini) akakaa akaandika SSH. Akaomba apewe poti 22 kwa sababu ilikuwa wazi kati ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet, akapewa. Mwaka haujaisha watumiaji walikadiriwa kufika 20,000 kwenye nchi 50.

Hapa ndipo wengi wanaposikia nusu ya habari. SSH inafanya mambo mawili. La kwanza kila mtu analijua, inasimba mazungumzo ili anayesikiliza njiani asiambulie kitu. La pili ndilo linalosahaulika: seva inajithibitisha kwako kuwa ni yenyewe. Kila seva ina ufunguo wake, na ufunguo huo una alama yake kama alama ya kidole. Unapounganishwa mara ya kwanza unaulizwa, alama ni hii, unaikubali? Ukikubali inaandikwa kwenye faili, na siku ikibadilika unapigiwa kelele.

Fikiria unatuma hela kwa simu. Kabla hujaweka namba ya siri unaoneshwa jina la anayepokea. Umekusudia kumtumia mama, likitokea jina la Juma usiyemjua, unasitisha. Kusimba mazungumzo bila kuangalia alama ya seva ni sawa na kutuma ile hela kwa siri kubwa sana, hakuna aliyeona, imekwenda kwa Juma.

Haya, tuje kwenye maktaba. Kwa Python inayotumika sana ni Paramiko, iliyoanzishwa na Robey Pointer 2003. Jina lake nimelipenda kupita kiasi. Ni la Kiesperanto, limeunganishwa kutoka neno la mtu mwenye wasiwasi uliopitiliza na neno amiko, rafiki. Rafiki mwenye wasiwasi. Na kweli ukiiacha kama ilivyo ina wasiwasi: ikikutana na seva isiyoijua inakataa katakata na kutupa kosa. Utaratibu huo unaitwa RejectPolicy na ndio wa kuzaliwa nao.

Sisi tunafanyaje? Tunamziba mdomo. Fungua mfano wowote, angalia asaimenti ya jirani yako, mstari wa tatu au wa nne utaukuta: set_missing_host_key_policy(AutoAddPolicy()). Kwa Kiswahili cha mtaani, "yeyote atakayeitika hodi, mkubali". Na kwa kuwa skripti zetu hazipakii faili la alama wala hazihifadhi, kila ikiendeshwa inaanza upya kama haijawahi kuiona seva hiyo. Leo inakubali, kesho inakubali tena, hata kama kesho anayeitika ni mwingine. Wale mtakaokwenda fildi kwenye makampuni ya mitandao mtakutana na Netmiko, iliyojengwa juu ya Paramiko kwa ajili ya swichi na ruta. Ile ukiiacha kama ilivyo inakubali alama yoyote, mpaka wewe useme ssh_strict=True. Yaani rafiki kazibwa mdomo kabla hujafika.

Nimebishana na mshikaji wangu wa chumba karibu usiku mzima kuhusu hili. Hoja yake: "Kaka, ni maabara tu, nani atakuja kuiba matokeo ya amri ya uptime?" Hoja ina uzito kidogo. Maabara iliyofungiwa, mashine za majaribio, sina ugomvi. Hata Telnet nakubali kwa ile swichi kuukuu ya pale maabara isiyojua SSH kabisa, na kwa hiyo ipo maktaba ya kupakua, telnetlib3, hakuna haja ya kurudi Python ya mwaka juzi.

Lakini hizi skripti hazibaki maabara. Nani asiyejua zinavyosafiri? Kaka wa mwaka wa nne anampa wa mwaka wa tatu kwenye flashi, wa tatu anaibadilisha jina la juu anakusanya, halafu Julai anakwenda nayo fildi. Kule anapewa swichi arobaini za watu, zenye biashara za watu. Skripti ile ile, AutoAddPolicy ile ile, na neno la siri limeandikwa ndani wazi wazi. Nimeona moja ina neno la siri la mtu aliyehitimu zamani, na nasikia bado linafungua. Sitasema wapi.

Tena kwa hapa hosteli hali ni mbaya zaidi, watu mia tunatumia Wi-Fi moja. Akitokea mtundu akajifanya ndiye seva, programu yako inamkubali, halafu inamkabidhi neno la siri mkononi, tena kwa njia iliyosimbwa vizuri kabisa. Usimbaji hausaidii kitu kama unaongea na mwizi mwenyewe.

Na nyie wa sheria, hapa ndipo panapowagusa. Matokeo yenu, usajili wenu, majina ya waliolipiwa ada, vyote vimekaa kwenye seva ambazo mtu anaingia kwa mbali kuzihudumia. Mtu huyo amefundishwa darasa kama letu. Kinachopitishwa leo kwenye asaimenti kuwa ni sawa ndicho atakachokifanya kazini.

Kufanya vizuri ni mistari miwili mitatu. Pakia alama unazozijua kwa load_system_host_keys(), acha RejectPolicy ikae. Ingia kwa ufunguo wako badala ya neno la siri. Kwa ufunguo, hata ukidanganywa na seva ya bandia haipati kitu cha kwenda kukitumia kwenye seva ya kweli, maana saini unayotoa imefungwa na mazungumzo hayo hayo tu. (Ila bado anaweza kukuongopea majibu na kupokea mafaili utakayomtumia, kwa hiyo alama angalia tu.) Jingine nje ya mada, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi: kwenye Paramiko kila exec_command inafungua njia yake mpya, hivyo ukitoa amri ya cd halafu ls, ile cd imeshasahaulika. Ziandike pamoja kwenye mstari mmoja. Na soma majibu yote kwanza ndipo usubiri amri imalizike, la sivyo majibu yakiwa marefu wewe unaisubiri seva na seva inakusubiri wewe, mnakesha.

Kinachotukwamisha kweli ni alama yenyewe, tutaijuaje kuwa ni ya kweli? Ukiichukua kwa mtandao ule ule unaoutilia shaka hujafanya kitu. Inabidi ije kwa njia nyingine. Na hapa ndipo nawalaumu kidogo wakubwa wa maabara. Tumepewa anwani ya seva, tumepewa majina ya kuingilia, tumepewa mpaka tarehe ya kukusanya na vitisho vyake. Alama ya seva hatujapewa. Hapo mwanafunzi hata akitaka kuwa mwangalifu afanyeje? Anaweka AutoAddPolicy kwa sababu hajaachiwa njia nyingine, na msahihishaji anampa alama zote.

Pendekezo langu halihitaji bajeti. Fundi wa maabara akae mbele ya seva, aendeshe ssh-keygen -lf kwenye faili la ufunguo wa wazi wa seva, aichape ile alama na kuibandika kwenye ubao wa matangazo, pale pale tunapojazana kuangalia matokeo ya testi. Na mwalimu akate maksi mbili kwa kila atakayekusanya AutoAddPolicy. Mbili tu, lakini mnajua watu wa hapa wanavyolilia maksi mbili.

Mwakilishi wetu wa darasa ameahidi kulipeleka Jumatatu. Karatasi ya A4 nitatoa mimi.