Ajali Ina Kinga





Ipo kauli ambayo sisi Watanzania huitamka karibu kila tunapomzika mtu aliyekufa kabla ya wakati wake: "Ajali haina kinga." Huitamka msemaji wa familia kandoni mwa kaburi, huitamka kiongozi anayetoa salamu za rambirambi, na hata mimbarini imekwisha kusikika. Juma hili nataka kuipinga kauli hiyo waziwazi. Ni kauli ya uongo, na uongo huo unaua.

Sababu ya kuipinga sasa ni hii. Vijana wetu kadhaa, baada ya malipo ya korosho, wamekusudia kushuka Mtwara. Huko Mikindani wanataka kutengeneza chelezo kwa mikono yao wenyewe, kwa mianzi, madumu matupu na kamba, wakitie nanga ghubani na kulala juu yake usiku mmoja, wakipika, wakiimba na kusali rozari chini ya nyota. Habari hiyo imetugawa makundi mawili. La kwanza linasema huo ni uhuni na upotevu wa fedha. La pili linasema waende tu, Padre awabariki, Mungu atawalinda. Kwani siku ya mtu ikifika, hata kitandani atakufa. Makundi yote mawili yamekosea, lakini la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa limevaa vazi la imani.

Kundi la kwanza nalijibu kwa ufupi. Furaha si dhambi. Sisi wa Uwanda wa Makonde tumeishi juu ya ardhi isiyo na mto wala ziwa. Bibi zetu waliteremka mabondeni na kupanda tena na vyungu vichwani, hata ulipokuja mradi wa maji wa Makonde katika miaka ya 1950. Kijana wa Chilangala, ambaye tangu utoto maji kwake ni ndoo ya kuhesabia vikombe, akitamani kulala usiku mmoja akiwa amezungukwa na maji yasiyo na mwisho, simwoni mhuni. Bahari nayo ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu ni halali kutazamwa.

Sasa nigeukie kundi la pili, lile la "Mungu atalinda."

Ndugu zangu, maneno hayo si mageni katika Maandiko, ila tuangalie ni nani aliyeyasema. Katika Injili ya Luka, sura ya 4, Ibilisi alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, kwa hoja kwamba malaika watamdaka. Hakuleta hoja ya kipagani, alileta Zaburi! Bwana akamjibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Basi yeyote anayemsukuma kijana asiyejua kuogelea akalale juu ya madumu yaliyofungwa kwa kamba kuukuu, huku akimwambia kwamba Mungu atalinda, na ajue ni sauti ya nani anayoirudia. Katekismu ya Kanisa Katoliki, namba 2119, inakiweka kitendo hicho cha kumjaribu Mungu miongoni mwa dhambi zinazovunja amri ya kwanza.

Mtaniambia: "Lakini Padre, Yesu mwenyewe alilala chomboni wakati wa dhoruba." Ndiyo, alilala. Lakini kisomeni vizuri kisa hicho katika Marko, sura ya 4. Chombo kilikuwa cha wavuvi waliozaliwa kando ya ziwa lile, na Mwinjili anatuambia kwamba vyombo vingine vilikuwa pamoja naye. Tena Bwana hakuvuka kwa kujionyesha. Alikuwa na kazi ng'ambo. Aliyelala alilala kati ya watu walioijua kazi yao. Sisi tunataka usingizi wa Yesu bila mabaharia wa Yesu.

Mtume Paulo naye anatufundisha vizuri zaidi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, watu 276 walikuwa melini katika tufani. Kabla ya safari Paulo aliwaonya kwamba majira yamekwisha kuwa mabaya, lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli. Baadaye malaika alimwahidi Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Je, baada ya ahadi hiyo Paulo alikaa akikunja mikono? La. Usiku wa kumi na nne mabaharia walipima kina, wakatupa nanga nne, kisha wakataka kutoroka kwa mashua. Paulo aliyekuwa na ahadi ya mbinguni mfukoni mwake akamwambia akida kwamba mabaharia wale wasipobaki melini, hakuna atakayeokoka. Hakuona kwamba ahadi ya Mungu inafuta haja ya baharia. Na mwisho wake, waliojua kuogelea waliruka kwanza, na waliobaki wakafika pwani juu ya mbao na vipande vya meli.

Kipo pia kitabu cha Hekima, ambacho sisi Wakatoliki tumejaliwa kuwa nacho. Sura yake ya 14 inazungumzia chombo cha baharini, na inaposimulia safina ya Nuhu, Kigiriki chake kinatumia neno lenye maana ya chelezo: tumaini la ulimwengu lilikimbilia juu ya chelezo. Angalieni mpango wa sura hiyo. Inasema kwamba chombo hujengwa kwa hekima ya fundi, kisha inasema kwamba maongozi ya Mungu ndiyo yanayokiendesha. Mambo mawili, si moja. Na kwa Nuhu Mungu hakusema tu, "Niamini." Alimpa vipimo: mikono 300 urefu, 50 upana, 30 kimo, akamwagiza apake lami ndani na nje. Mungu angeweza kumwelea Nuhu juu ya jani la mgomba. Akamwagiza lami. Maji ya baraka, ndugu zangu, hayazibi tundu, na baraka ya padre si leseni ya chombo.

Tuje sasa kwenye bahari yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kwa kuitazama tu kutoka stendi ya basi. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Chelezo kilichotiwa nanga jioni maji yakiwa yamejaa, kwa kamba fupi, usiku wa manane chaweza kukaa juu ya mwamba kikiwa kimepinda. Na kwa kamba dhaifu, maji yanapokupwa hukivuta kuelekea mlango wa ghuba. Usiku huohuo upepo wa umande huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Yaani mvutano wa maji na msukumo wa upepo hukubaliana kumpeleka mtu nje, gizani, wakati amelala. Na nje huko, mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki hufika pwani karibu na Mtwara na Rasi Delgado, ukagawanyika: tawi moja huelekea kaskazini, upande wa Lindi, Kilwa na Mafia, na jingine kusini, Msumbiji, kwenye mkoa wa Cabo Delgado ambao watu wake wameteswa na vita tangu Oktoba 2017. Tena tusisahau majira. Mji wa Lindi ulipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019; Hidaya akafika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024.

Kila kimojawapo cha vitu hivyo kina kinga. Kamba ndefu na imara ni kinga. Kujua jedwali la maji ni kinga. Kusikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ni kinga. Jaketi okozi ni kinga. Iko wapi basi ajali isiyo na kinga?

Tazameni misiba yetu mikubwa. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imeruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi 800. MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikiwa imejaza kupita kiasi. Baadhi ya waliookoka waliupitisha usiku ule wakishikilia magodoro na majokofu. Hivyo ndivyo vyelezo vyao, vilivyotengenezwa na hofu dakika ya mwisho. MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Mara zote tatu kinga ilikuwapo, imeandikwa kwa tarakimu, na mtu aliipita kwa makusudi. Tunaposema "ajali haina kinga," tunamfariji nani? Yatima hafarijiki. Anayefarijika ni mzembe, maana kosa lake limehamishiwa kwa Mungu.

Linganisheni na jambo hili. Hoteli moja ya Makangale, Pemba, ilianza mwaka 2013 kuwalaza watalii juu ya chelezo baharini, chenye chumba chini ya maji, kilichosanifiwa na kujengwa kwa utaalamu kutoka Sweden na kufungwa kwa nanga. Hakuna aliyemwambia mtalii yule kwamba siku yake ikifika imefika. Kwa mgeni tunakokotoa uzito na kupima nanga. Kwa mtoto wa Mmakonde tunatoa methali. Je, mbele za Mungu damu zao ni za bei mbili?

Mtasema, "Padre, hayo ni mambo ya fedha, nasi ni maskini." Hapa ndipo ninapotaka tuumie kidogo. Mtu akifa maji, tunafanya nini? Siku hiyohiyo daftari linafunguliwa. Tunachangia jeneza, gari la kuuleta mwili kutoka Mtwara, mchele, sukari, turubai, mafuta ya jenereta. Hakuna jumuiya ndogondogo inayoshindwa, na nawapongeza kwa upendo huo. Msimu wa jando na unyago nao hatuulizi bei ya ngoma. Lakini kijana huyohuyo akija akiwa hai, akaomba achangiwe jaketi okozi, tutamcheka. Tunachangia jeneza, hatuchangii jaketi! Upendo unaomsubiri mtu afe ndipo ufungue mkoba ni upendo uliochelewa kazini.

Kanisa halitanii katika jambo hili. Katekismu, namba 2269, inafundisha kwamba amri ya tano inakataza kumweka mtu katika hatari ya kifo bila sababu nzito, na pia kumnyima msaada aliye hatarini. Namba 2290 inawataja waziwazi wanaohatarisha usalama wao na wa wenzao kwa ulevi au kupenda mwendo wa kasi, barabarani, baharini au angani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Hao si mapenzi ya Mungu mara 300,000.

Basi jibu langu kwa vijana ni hili: nendeni, lakini si hivyo. Kwanza, chelezo kikaguliwe na fundi wa vyombo wa pwani, kielee mchana kutwa na uzito wote kabla ya mtu yeyote kulala juu yake. Pili, kila kichwa jaketi okozi, lililovaliwa, si lililokaliwa kama mto. Tatu, mbaki ndani ya ghuba, pamoja na mvuvi mwenyeji mwenye mashua yake, na watu wawili wakeshe kwa zamu wakiwa na taa. Nne, viongozi wa ufukwe wajue idadi yenu na saa ya kurudi, na taarifa ya hali ya hewa isikilizwe. Ikikataza, mtalala nchi kavu bila kunung'unika. Tano, pombe isikanyage chelezo. Mkikosa moja kati ya haya, baraka yangu msiiombe.

Na kwenu wazazi na wazee wa jumuiya: daftari la michango lifunguliwe Jumapili hii, kabla ya msiba. Majaketi yatakayonunuliwa yatakuwa ya parokia, na baada ya vijana kurudi yataazimwa na wana wetu wanaokwenda dago Mtwara na Kilwa kuvua dagaa usiku. Hao hawalali baharini kwa burudani, wanatafuta ada ya shule. Matajiri wa vyombo wanaowapakia bila hata boya moja, kisha wakatuma rambirambi, nao wasikie: rambirambi hailipi deni la amri ya tano.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, awaombee wote watakaokesha majini usiku wa leo. Nasi tumsaidie kwa kamba imara.

Mungu awabariki nyote.

Padre wenu